Kurudi Kazini kwenye TEHAMA Baada ya Kusota Mtaani: Mwongozo Kamili kwa Mafundi wa Helpdeski

Ukiwa miongoni mwa wanaosaili, unaona jambo lilelile likijirudia. Mwombaji ana diploma au digrii, na huko nyuma alifanya kazi vizuri. Kisha mkataba ukaisha au kampuni ikafunga milango, na miaka miwili mitatu ikapita. Kila wiki anatuma CV ileile na haitwi. Siku akiitwa, anaulizwa ni lini mara ya mwisho ametengeneza kompyuta ya mtu, anaanza kusimulia mambo ya mkataba wake wa zamani.

Pengo lenyewe halimtishi mwajiri kiasi hicho. Nchi nzima inajua kazi ni ngumu, na hata huyo anayekusaili ana mdogo wake yuko nyumbani na digrii yake. Kinachomtia shaka ni kutojua kama mikono yako imeota kutu. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na CV. Unaanza na kazi za mikono, na CV inatoka humo.

Umeandikwa kwa aliyeko Tanzania anayetaka kazi ya kuhudumia watumiaji: helpdeski (dawati la msaada wa kompyuta), fundi wa kuzunguka kwa wateja, au afisa TEHAMA wa shule, hospitali au hoteli.

Andaa hivi kwanza

*Nyaraka.* Namba ya NIDA, TIN, namba ya uanachama wa NSSF au PSSSF kama uliwahi kuchangia, cheti cha kuzaliwa, vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita, na vyeti vya chuo. Hati ya matokeo si cheti, na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hulisema hilo waziwazi. Kama cheti chako bado kimeshikiliwa chuoni kwa sababu ya ada au kitabu cha maktaba ambacho hukurudisha, hilo ndilo la kushughulikia kabla ya lolote.

*Cheti cha utumishi.* Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Wengi hawakupewa kwa sababu hawakuomba. Nenda kaombe sasa, kwa barua, hata kama mliachana kwa maneno. Kampuni ikiwa haipo tena, tafuta mkataba wa zamani, hati za mishahara au taarifa ya michango ya NSSF, maana navyo vinaonyesha ulikuwepo.

*Vifaa.* Laptopu yenye RAM ya GB 8 kwenda juu na diski ya SSD. GB 16 ni bora zaidi. Flashi mbili za GB 16, moja ya kusakinishia Windows 11, nyingine ya Linux inayowaka bila kusakinishwa. Seti ya bisibisi ndogo, kebo ya kuunganisha diski kwenye USB, krimpa (koleo la kubana vichwa vya kebo ya mtandao), vichwa vyenyewe vya RJ45 na kipimo cha kebo. Vyote hivi vinapatikana Kariakoo, na vya mtumba vinafaa, ila kipimo cha kebo kijaribu palepale dukani.

*Intaneti.* Bando la kila siku litakumaliza. Faili kubwa pakua kwa mkupuo mmoja mahali penye Wi-Fi, kwa rafiki au maktaba, uziweke kwenye diski.

*Mawasiliano.* Laini moja ambayo haizimwi na anwani ya barua pepe yenye jina lako. Ile ya enzi za sekondari yenye neno "boy" au "sweet" iache.

*Daftari.* La karatasi au faili la jedwali, vyovyote. Hili ndilo litakalokupa kazi, na nitalieleza kwenye hatua ya nne.

Tahadhari moja: njaa ikikaza, uza vingine vyote kabla ya laptopu.

Hatua ya 1: Chagua kazi moja unayoiomba

Aliyekaa muda mrefu bila kazi huomba kila kitu: usimamizi wa mtandao, usalama wa mifumo, uprogramu, uhifadhi data. CV yake inakuwa ya kila kazi, na anayeisoma hajui ampeleke wapi. Chagua huduma kwa watumiaji. Ndiyo kazi inayohitajika kila mahali penye kompyuta kumi, na ndiyo inayokufungulia nyingine.

Kisha jiulize kazi hizo zinapatikana wapi. Dar es Salaam watu hukimbilia benki na kampuni za simu, wakati kazi nyingi za matawini hufanywa na mafundi wa makandarasi wao. Mkandarasi anaajiri haraka kwa sababu tiketi zake, yaani matatizo ya watumiaji yaliyorekodiwa, zina saa za mwisho, na mtu akiacha kazi leo, kesho pengo linaonekana. Wasambazaji wa mashine za EFD za kutolea risiti, watoa huduma za intaneti, kampuni za uwakala wa forodha karibu na bandari, hospitali binafsi na SACCOS zenye matawi wote wana watumiaji wa kuhudumia. Arusha angalia kampuni za utalii na hoteli. Zanzibar, hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zina mifumo ya mapokezi, mashine za mauzo na Wi-Fi ya wageni inayolalamikiwa usiku na mchana. Kumbuka tu kwamba Zanzibar ina sheria yake ya ajira na mfuko wake, ZSSF. Dodoma ni serikali zaidi, na njia yake nitaigusa mbele.

Utajua umemaliza ukiwa na orodha ya sehemu ishirini zenye majina, kila moja ukijua wanatumia nini na nani anawahudumia sasa.

Hatua ya 2: Pima ulichopitwa nacho

Fanya hivi kabla hujaanza kujisifu kwa mtu yeyote. Haya ndiyo mambo yanayomuumbua aliyekaa nje:

Msaada wa Microsoft kwa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi nyingi zina mashine zinazofanya kazi vizuri ambazo Windows 11 inazikataa, kwa kuwa inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Kwa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha 8 na kuendelea. Lazima uweze kukaa mbele ya kompyuta na kusema kwa nini imekataliwa. Mara nyingine TPM ipo lakini imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), na ofisi iko mbioni kununua mashine mpya bila sababu.

Azure Active Directory, huduma ya Microsoft ya kusimamia akaunti za ofisi, ilibadilishwa jina mwaka 2023, sasa ni Microsoft Entra ID. Ukiita jina la zamani hakuna atakayekufukuza, ila msaili atajua uliishia wapi.

Skype ilizimwa Mei 2025, na Microsoft ikawaelekeza watumiaji wake Teams.

Uthibitisho wa hatua mbili sasa ni wa kawaida kwenye barua pepe za ofisi. Tiketi ya "nimebadilisha simu, sasa siingii" itakuandama karibu kila wiki.

BitLocker, inayofunga data za diski kwa ufunguo, huwa imewashwa kwenye laptopu nyingi mpya bila mwenyewe kujua. Ukigusa BIOS kabla ya kuhakikisha ufunguo wa kurejesha upo, unaweza kumfungia mtu data zake zote.

Yote haya unaweza kuyasoma bure Microsoft Learn, na masomo ya mitandao yako bure Cisco Networking Academy. Kuhusu CompTIA A+, cheti cha kimataifa cha ufundi wa kompyuta, toleo la sasa ni la mitihani 220-1201 na 220-1202, kwa hiyo usiuziwe vitabu vya 1101 na 1102, ambayo ilistaafishwa Septemba 2025. Maoni yangu ni kwamba cheti hicho ni kizuri, lakini si cha kukopea. Mwenye daftari lililojaa humpita mwenye cheti kitupu kwenye kazi za aina hii.

Hatua ya 3: Jenga ofisi ndogo ndani ya laptopu yako

Sababu ya kufanya hivi ni rahisi. Mtaani unaweza kupata printa na Wi-Fi za kutengeneza, lakini hakuna atakayekupa domeni ya kuchezea, yaani mtandao wa ofisi ambao akaunti na ruhusa zinasimamiwa kutoka seva ya kati. Helpdeski ya ofisi kubwa nayo inaishi kwenye domeni: kufungua akaunti, kubadili nywila, kumpa mtu ruhusa ya folda.

1. Pakua VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta za kuigiza ndani ya laptopu yako. Ni ya bure. Chukua toleo la 7 au jipya zaidi, kwa sababu linaweza kuiga TPM ambayo Windows 11 inaidai.

2. Pakua kutoka Microsoft nakala za majaribio: Windows Server inayodumu siku 180 na Windows 11 Enterprise ya siku 90. Ni halali, hazihitaji kukrakiwa. Toleo la Home halifai hapa, haliwezi kuungana na domeni.

3. Tengeneza mashine mbili. Kama laptopu ina GB 8 tu, ipe seva GB 2 na ya mtumiaji GB 4, ufunge kivinjari na kila kitu kingine. Itatambaa, lakini itafika.

4. Ziweke zote mbili kwenye mtandao wa ndani wa VirtualBox ili zionane zenyewe kwa zenyewe. Ipe seva anwani isiyobadilika.

5. Isimike seva kuwa mlezi wa domeni (domain controller). Iite ofisi.test, maana mwisho wa .test umetengwa kwa majaribio.

6. Kwenye mashine ya mtumiaji, weka DNS (inayotafsiri majina kuwa anwani) ielekee kwenye seva, kisha iunganishe na domeni. Hapa ndipo wengi hukwama siku nzima. Domeni haionekani, wanalaumu firewall, wanasakinisha upya. Karibu kila mara DNS inaelekea kwingine.

7. Fungua akaunti za idara tatu, kwa mfano uhasibu, mapokezi na stoo. Tengeneza folda ya uhasibu ambayo mtu wa stoo haifungui.

8. Weka sera ya kufunga akaunti mtu akikosea nywila mara tano. Domeni mpya haifungi akaunti yenyewe. Kiwango hicho lazima ukiweke wewe. Kisha kosea makusudi, akaunti ifungike, uifungue.

Utajua umefaulu ukiweza kuifuta yote na kuijenga upya bila kuangalia video. Kuifanya mara moja kwa kufuatisha mwingine si kujua, na swali la pili tu la usaili litaonyesha hivyo.

Hatua ya 4: Tafuta tiketi za kweli na uziandike

Tiketi za kweli hazijai ofisi kubwa tu. Ziko zahanati ya mtaani, shule ya awali, duka la dawa, stationery, ofisi ya parokia, madrasa yenye kompyuta za msaada ambazo hakuna anayejua kuzitumia. Zote zina mashine zinazosumbua na hazina fundi.

Nenda asubuhi, siyo saa ya wateja. Mwenye umri mkubwa mwamkie, jitambulishe, kisha sema jambo moja: "Ninahudumia kompyuta za ofisi ndogo hapa mtaani. Leo nakagua bure, nikikuta tatizo nakwambia gharama kabla sijagusa." Kukagua ndiko kuwe bure, si kutengeneza. Kazi ya bure kabisa haiheshimiwi, na anayekupata bure hakukumbuki anapopigiwa simu na mwajiri wako. Hata ikiwa ni nauli na chakula cha mchana, ichukue na utoe risiti ya mkono.

Kila tatizo liandike hivi:

> Lalamiko: "Kaka, intaneti ipo lakini haifungui kitu." Mapokezi, zahanati.
> Vipimo: kompyuta nyingine mbili ziko sawa. Kwa amri ya ipconfig /all hii ina anwani inayoanza na 169.254, yaani haijapewa anwani na ruta. Nimebadilisha kebo kwa ya kwangu, ikapata.
> Chanzo: kebo imetafunwa na panya nyuma ya kabati.
> Suluhisho: nimekata sehemu mbovu, nimekrimpu kichwa kipya, nimepima nyaya zote nane.
> Muda: dakika 40.
> Kuzuia: nimeshauri kebo ipite kwenye mfereji wa plastiki ukutani.

Angalia mpangilio. Lalamiko liko kwa maneno ya mtumiaji, maana ndivyo simu za helpdeski zinavyokuja. Vipimo vinakuja kabla ya chanzo. Fundi mwenye kutu huruka vipimo. Akisikia "intaneti" tayari anazima ruta, na ofisi nzima inakatika kwa sababu ya kebo moja.

Jizoeze matatizo yanayojirudia hadi mikono iyafanye yenyewe. Ukiweza ku-ping 8.8.8.8 (yaani anwani hiyo ya intaneti inajibu) lakini tovuti hazifunguki kwa majina, shuku DNS na uthibitishe kwa nslookup. Printa ikiwa na foleni isiyofutika, simamisha huduma ya Print Spooler, futa mafaili yaliyomo kwenye C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, uiwashe tena. Kompyuta ikiwa nzito, fungua Task Manager kwanza uone ni diski, RAM au prosesa iliyofika kikomo. Mara nyingi ni diski ya zamani ya kuzunguka, na SSD inaibadilisha mashine hadi mwenyewe anadhani umempa nyingine. Printa ya mtandao iliyopotea baada ya umeme kukatika, angalia kama ruta imeipa anwani mpya.

Sasa tahadhari, na hizi ni nzito.

Nakili data kabla ya kugusa diski yoyote. Usiseme "haitafutika".

Usiweke Windows ya kukraki, hata mteja akikuomba. Vifungulio vya mtaani huja na virusi, na ukiwa na mazoea hayo utayapeleka ofisini, na huko ni kufukuzwa. Mweleze gharama ya leseni au mwekee Linux kama kazi yake ni kivinjari na kuandika barua.

Usinakili picha wala mafaili ya mtu, na usiandike majina ya wagonjwa au nywila kwenye daftari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hata bila sheria, fundi anayechungulia simu na laptopu za watu jina lake linaenea mtaa mzima.

Ukifikisha tiketi thelathini za aina tofauti, una kitu cha kuonyesha. Hapo mwombe kila mteja wa kudumu barua fupi yenye mhuri inayosema unamhudumia tangu lini. Wawili wanatosha.

Hatua ya 5: Andika CV kutoka kwenye daftari

CV nyingi za kazi hizi huandikwa kwa Kiingereza, fuata lugha ya tangazo. Kurasa mbili, PDF, jina la faili liwe jina lako na kazi unayoomba.

Toa maneno ya "mchapakazi, mbunifu, naweza kufanya kazi bila kusimamiwa". Weka mahali pake mambo yenye ushahidi:

> 2024 hadi sasa: Fundi wa kujitegemea, Mbagala. Nahudumia zahanati moja, shule moja na stationery mbili, jumla ya kompyuta 19. Nimehamisha mashine 6 kwenda Windows 11 bila kupoteza data. Kila tatizo lina kumbukumbu ya chanzo na muda.

Namba ziwe zako kweli. Msaili atakuuliza zile 13 zilizobaki zina nini, na kama unajua, hapo ndipo usaili unapogeuka kuwa maongezi ya mafundi wawili.

Kipindi ambacho hukufanya lolote kiandike kwa mstari mmoja: "2021 hadi 2023: nje ya ajira, malezi ya mtoto" au "kumuuguza mzazi". Usieleze zaidi. Akina dada wengi huficha miaka ya uzazi kwa kusogeza tarehe za kazi ya zamani, kisha mwajiri anapiga simu kule na tarehe hazilingani. Aliyekuwa na pengo anaajiriwa, aliyedanganya tarehe haajiriwi.

Wadhamini watatu ni desturi yetu. Mmoja awe wa sasa, yaani mteja wako wa mtaani. Wapigie wote kabla ya kuandika namba zao. Nimeona mdhamini akiulizwa kuhusu mwombaji akajibu, "Yupi huyo?"

Hatua ya 6: Wafikie watu, kisha matangazo

Kazi nyingi za makandarasi hazitangazwi. Msimamizi anauliza mafundi wake, "Nani anamjua mtu?" Wengine huita hiyo koneksheni na kukata tamaa, lakini mara nyingi ni uvivu tu wa kusoma CV mia tatu. Ingia kwenye hiyo orodha ya wanaojulikana.

Waandikie uliosoma nao na uliofanya nao kazi. Usianze na "naomba unisaidie kazi". Mtu asiye na kazi ya kukupa hatajibu, ataona aibu. Uliza kitu anachoweza kujibu:

> Habari za siku kaka, poleni na majukumu. Nimerudi kwenye helpdeski, kwa sasa nahudumia zahanati na shule huku Mbagala. Nina swali moja: hapo kwenu mafundi wa matawini ni wenu au wa mkandarasi? Na tiketi mnazirekodi kwenye mfumo gani? Nataka nijue nijifue kwenye nini.

Atakujibu, na jibu lenyewe linakupa jina la mkandarasi. Baada ya wiki mbili mrudishie mrejesho kwamba umejifunza ule mfumo. Mifumo kama osTicket na GLPI inapatikana bure, unaweza kuisimika kwenye maabara yako ya hatua ya tatu. Sasa wewe si mtu anayeomba tena.

Kwa serikali, njia ni Ajira Portal, tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Jaza wasifu mapema, usisubiri tangazo, kwa sababu siku ya mwisho mfumo huzidiwa na hutaweza kupakia vyeti. Soma tangazo hadi mwisho: kwa kawaida umri usizidi miaka 45, barua iwe imesainiwa, vyeti viwe kamili, na waliosoma nje wawe na uhakiki wa TCU, NECTA au NACTVET. Kuna mchujo wa kuandika kabla ya mahojiano, na hapo nadharia ya chuo inarudi, kwa hiyo soma upya mitandao, hifadhidata na mifumo-endeshi.

Matapeli wanawajua wasio na kazi kuliko tunavyojijua wenyewe. Yeyote anayetaka pesa ya fomu, ya sare, ya vipimo vya afya au "ya kumwona HR" kwa kutumiwa kwenye simu, mwache. Kuomba kazi kupitia Ajira Portal hakulipiwi.

Hatua ya 7: Usaili

Swali la pengo litakuja mapema. Lijibu kwa sentensi tatu na usimame: kilichotokea, ulichofanya, unachofanya sasa. "Mkataba uliisha mwaka 2021, kampuni haikuendelea. Nilikaa nyumbani kumuuguza baba hadi 2023. Tangu hapo nahudumia ofisi ndogo nne, na daftari langu la kazi ninalo hapa." Kisha liweke mezani. Usimlaumu mwajiri wa zamani hata kama alikudhulumu mishahara. Msaili anasikia sauti utakayomsema nayo yeye kesho.

Baada ya hapo ni maswali ya matukio. Hili ni la kawaida: mkurugenzi anapiga simu, printa haitoi, kikao kinaanza baada ya dakika kumi. Waombaji wengi huanza kutaja madereva (programu zinazoendesha printa). Jibu linalotafutwa ni hili:

"Shikamoo mkurugenzi. Naomba unitumie hilo faili kwa barua pepe, nalichapisha kwenye printa ya uhasibu nakuletea. Ukiingia kwenye kikao ndipo niikague ya kwako."

Kazi yake iende kwanza, mashine baadaye, kisha urekodi tiketi. Sema yote kwa sauti, kwa mpangilio huo.

La pili ni mtego. Mtu anapiga simu, anasema yeye ni mkuu wa fedha, yuko safarini, anataka nywila ibadilishwe sasa hivi na anapandisha sauti. Ukisema utaibadilisha ili asikasirike, umeshindwa usaili. Mjibu kwa heshima kwamba utampigia kwenye namba iliyoko kwenye orodha ya wafanyakazi, na asipopatikana unampelekea msimamizi wako. Mkuu wa kweli atalalamika leo na kukushukuru baadaye, tapeli atakata simu.

Ukipewa mtihani wa vitendo, ongea unapofanya. Msaili hawezi kuona unachofikiri, na fundi aliyekaa kimya dakika kumi akipapasa anaonekana amepotea hata kama yuko njiani. Usichokijua sema hukijui, kisha taja ungekitafuta wapi.

Hatua ya 8: Ofa

Omba mkataba wa maandishi kabla ya siku ya kwanza. Angalia muda, kipindi cha majaribio, saa za zamu, na nani analipa nauli ya kwenda matawini na bando la simu. Kwa fundi wa kuzunguka, hizo mbili zinaweza kula robo ya mshahara usipoziuliza. Uliza pia kama mshahara uliotajwa ni kabla au baada ya makato. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi anaweza kukatwa hadi 10 ya hizo.

Kati ya cheo kizuri kwenye ofisi ya kompyuta tano na mkataba wa miezi sita kwa mkandarasi mwenye watumiaji mia nne, chukua wa pili. Miezi sita ya tiketi nyingi inafunga pengo la miaka.

Ukikwama: tafuta chanzo kama unavyofanya kwenye mtandao

*Huitwi kabisa.* Tatizo ni CV au unakoituma. Mpe mtu wa TEHAMA aliye kazini aisome kwa nusu dakika, aifunike, akwambie unaomba kazi gani. Akishindwa, iandike upya.

*Unaitwa, unaishia raundi ya kwanza.* Mara nyingi ni jibu la pengo, au ufundi unaoujua kichwani na hujaufanya. Rudi hatua ya tatu na ya nne, tena kwa sauti, mbele ya mtu.

*Unafika mwisho, anachukuliwa mwingine.* Hapa uko karibu kuliko unavyodhani. Siku hiyohiyo mwandikie msimamizi, mshukuru, na umwambie uko tayari kushikilia nafasi kwa muda mfupi: afisa wao akienda likizo ya uzazi, wakihamisha ofisi, au wakiwa na kazi ya kubadili mashine za Windows 10. Taja siku unazoweza kuanza, na uambatanishe kurasa mbili za daftari lako.